Uhusiano wa Chembe katika Migongano ya Viini Vizito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi, walimu na wasomaji wa kawaida waliosikia kwamba kuna "supu ya kwaki" na wanataka kujua ilipimwaje. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine hayahitaji zaidi ya sentensi tatu.

Plazima ya kwaki na gluoni ni nini?

Ndiyo ile "supu" yenyewe. Protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki zilizoshikiliwa pamoja na gluoni. Katika maada ya kawaida huwezi kuikuta kwaki ikitembea peke yake. Ukipandisha halijoto hadi takriban kelvini trilioni 1.8, ile mipaka inayoitenga protoni moja na nyingine inafutika, na kwaki na gluoni zinaanza kutembea katika eneo kubwa kuliko protoni moja. Kitovu cha Jua kina kelvini milioni 15 hivi, kwa hiyo tunazungumzia joto linalokizidi zaidi ya mara laki moja. Ulimwengu wote ulikuwa katika hali hiyo kwa mikrosekunde chache za mwanzo.

Mpito wenyewe hauna hatua ya ghafla kama maji yanapochemka. Pale ambapo maada na antimaada zinakaribia kulingana, hesabu za kompyuta zinaonyesha mabadiliko laini, bila mstari mkali wa kusema hapa ni huku na pale ni kule.

Inatengenezwa wapi?

Sehemu mbili ndizo zimetoa matokeo mengi zaidi. Ya kwanza ni RHIC, mashine yenye mzingo wa kilomita 3.8 katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, iliyoanza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. Ya pili ni LHC ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, karibu na Geneva, yenye mzingo wa kilomita 27, ambako viini vya risasi viligonganishwa kwa mara ya kwanza Novemba 2010. RHIC ilifikia GeV 200 kwa kila jozi ya nukleoni, yaani protoni au nyutroni (GeV ni kizio cha nishati; TeV ni GeV elfu moja, na MeV ni sehemu ya elfu ya GeV). LHC ilianza na TeV 2.76, ikapanda hadi 5.02 mwaka 2015, kisha 5.36.

Kabla ya hapo CERN ilikuwa na mashine ndogo zaidi, SPS, na Februari 2000 ilitangaza kuwa na dalili za hali mpya ya maada. Tangazo hilo lilizua mabishano, na mimi naona yalikuwa ya haki. Dalili zilikuwepo, lakini kila moja ikichukuliwa peke yake iliweza kuelezwa kwa njia nyingine.

Kwa nini risasi na dhahabu? Protoni hazitoshi?

Unahitaji ukubwa. Ili uzungumzie halijoto, shinikizo au mnato, lazima chembe zigongane mara nyingi kabla ya kutawanyika. Kiini cha risasi kina nukleoni 208 na radiasi ya femtomita 7 hivi (femtomita ni sehemu ya trilioni ya milimita). Mgongano wa uso kwa uso katika LHC huzalisha chembe zenye chaji zaidi ya elfu kumi. Hilo ndilo lilikuwa jibu la moja kwa moja hadi 2010. Baada ya hapo protoni zilileta utata, na nitaueleza mbele.

Mbona msiipime plazima yenyewe moja kwa moja?

Kwa sababu haikai. Tone hilo huishi takriban sekunde 3 kugawanywa kwa 1 yenye sifuri ishirini na tatu, likiwa na upana wa femtomita kumi na kitu. Hakuna kipimajoto cha kulichoma, wala darubini ya kulitazama. Linapanuka, linapoa, kwaki zinajifunga tena kuwa pioni, kaoni, protoni na nyinginezo, na hizo ndizo zinazofika kwenye kigunduzi, muda mrefu sana baada ya tone kutoweka.

Sasa fikiria una chembe moja tu mkononi. Unajua kasi yake na uelekeo wake. Hiyo haikuambii kama ilitoka kwenye tone kubwa au dogo, kama ilisukumwa na mkondo au ilijirukia yenyewe. Hata ukichukua chembe milioni na kuchora wastani wa nishati zao, sehemu kubwa ya habari umekwisha kuitupa. Habari imehifadhiwa katika namna chembe moja inavyofungamana na nyingine ndani ya mgongano uleule. Ndiyo maana fani nzima imejengwa juu ya jozi, na baadaye juu ya makundi ya nne, sita na nane.

Uhusiano huo unahesabiwaje kwa vitendo?

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana makosa mengi ya wanaoanza yanazaliwa hapa.

Unachukua mgongano mmoja na kuunda jozi zote zinazowezekana. Chembe 1,600 zinakupa jozi 1,279,200. Kwa kila jozi unaandika tofauti ya momenta (zao la tungamo na kasi), au tofauti ya pembe, kutegemea unachotafuta. Unarudia kwa migongano mamilioni. Mchoro unaoupata ndio utakaogawanywa baadaye.

Peke yake mchoro huo haufai kitu. Kigunduzi kina mapengo, kinaona upande mmoja vizuri kuliko mwingine, na chembe zenye momenta ndogo ni nyingi kuliko zenye momenta kubwa. Yote hayo yanaacha alama zake kwenye mchoro. Kwa hiyo unaunda jozi za bandia: chembe ya kwanza kutoka mgongano huu, ya pili kutoka mgongano mwingine kabisa. Chembe hizo hazijawahi kukutana, hivyo haziwezi kuwa na uhusiano wowote wa kweli, lakini zimepitia kigunduzi kilekile na mapengo yaleyale. Gawanya mchoro wa kwanza kwa wa pili. Palipo na 1, hakuna uhusiano. Palipozidi au kupungua, kuna jambo.

Mtego uko kwenye uchaguzi wa migongano ya kuchanganya. Ukichanganya mgongano wenye chembe elfu na wenye chembe mia, au uliotokea katikati ya kigunduzi na uliotokea sentimita kadhaa pembeni, mgawanyo wako unakuwa na umbo lake lenyewe na utauona "uhusiano" usiokuwepo. Kuna jingine: kigunduzi wakati mwingine huona chembe moja kama mbili, au mbili zinazokaribiana sana kama moja. Jozi za bandia hazina tatizo hilo, kwa hiyo makosa yanajitokeza palepale unapotafuta ishara. Mtu akinionyesha mchoro mzuri wa uhusiano, swali langu la kwanza huwa juu ya kigawanyo chake.

Unawezaje kupima kitu cha femtomita chache bila kukigusa?

Kwa hila iliyotoka kwenye nyota. Mwaka 1956 Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walichapisha kipimo cha upana wa nyota Sirius kwa kulinganisha jinsi nguvu ya mwanga ilivyopandana na kushukiana katika vipokezi viwili vilivyotengana. Wanafizikia kadhaa hawakuamini kwamba jambo hilo linawezekana. Miaka michache baadaye, huko Berkeley, Goldhaber na wenzake waliona kwamba pioni za chaji inayofanana zinazotoka katika mgongano wa antiprotoni zinapenda kwenda pamoja, wakaeleza sababu yake mwaka 1960.

Sababu ni hii. Pioni mbili za aina moja hazitofautishiki kabisa. Huenda ile iliyozaliwa kushoto mwa tone ndiyo iliyofika kwenye kipokezi cha kwanza, au ile ya kulia. Maumbile hayachagui, yanajumlisha njia zote mbili, na kwa chembe za jamii ya bosoni, kama pioni, jumla hiyo inaongeza uwezekano wa kuzikuta na momenta zinazokaribiana. Ongezeko hilo linaonekana kama kilima karibu na sifuri kwenye mchoro wa tofauti ya momenta.

Upana wa kilima ndio kipimo. Chanzo kikiwa kikubwa, kilima ni chembamba. Kikiwa kidogo, kilima kinapanuka. Kanuni ya haraka ni kugawanya 197 kwa radiasi katika femtomita, na jibu ni upana katika MeV. Radiasi ya 7 inakupa kama MeV 28. Pioni zenyewe zina momenta ya mamia ya MeV, kwa hiyo kigunduzi lazima kiweze kutofautisha momenta kwa usahihi wa MeV chache tu, kilima kisije kikafutika.

Njia hii inaitwa femtoskopia. Tahadhari moja: radiasi unayoipata si ya tone zima. Tone linapanuka kwa kasi, na pioni zenye momenta zinazokaribiana hutoka katika kipande kinachosafiri upande uleule. Unachopima ni ukubwa wa kipande hicho. Ndiyo maana radiasi hupungua kadiri momenta ya jozi inavyoongezeka, na kupungua huko kwenyewe ni ushahidi wa mkondo.

Kilima kinatakiwa kifike 2 kwenye sifuri. Mbona hakifiki?

Pioni nyingi hazitoki kwenye tone moja kwa moja. Nyingine ni mazao ya chembe zilizoishi muda mrefu kabla ya kuoza, mbali kiasi kwamba kilima chao ni chembamba kuliko uwezo wa kigunduzi. Zinaongeza idadi ya jozi bila kuongeza kilima. Halafu chaji zinazofanana zinasukumana, na hilo linachimba shimo karibu na sifuri ambalo lazima lisahihishwe.

Nimesoma kuhusu "fumbo la HBT" (herufi za Hanbury Brown na Twiss). Lilikuwa nini?

Radiasi hupimwa katika pande tatu: kandokando ya mwale, upande jozi inakoelekea, na upande unaokatiza huo. Tone linalotoa chembe kwa muda mrefu linapaswa kuonekana limerefuka kule jozi inakoelekea, kwa sababu chembe za mwanzo zimeshatangulia. Wanadharia wengi walitarajia uwiano wa radiasi hizi mbili za mwisho uzidi 1 kwa kiasi kikubwa. RHIC ilipopima, ukatoka karibu na 1.

Kwa miaka kadhaa mifano ya mkondo iliyoeleza vizuri vipimo vingine vyote ilikwama hapa. Suluhisho halikuwa wazo moja la kung'aa. Karibu na 2009 Scott Pratt alionyesha kwamba kasoro ndogo kadhaa zilikuwa zinavutia upande uleule: mkondo unaanza mapema zaidi kuliko ilivyodhaniwa, maada ni ngumu zaidi kushindiliwa, na mnato hauwezi kupuuzwa. Zikirekebishwa pamoja, fumbo linayeyuka. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakina shujaa wa kutamba naye.

Mnajuaje kwamba ni kimiminika na si gesi?

Viini viwili vikikosana kidogo, eneo linalogongana lina umbo la duaradufu. Gesi ya chembe zisizojaliana ingetawanyika sawasawa pande zote, bila kukumbuka umbo hilo. Kimiminika hakifanyi hivyo: shinikizo hushuka kwa haraka zaidi kwenye upande mwembamba, hivyo maada inasukumwa zaidi huko. Umbo la nafasi linageuka kuwa umbo la mwendo.

Kiasi cha jambo hilo kinaitwa v2. Tuseme v2 ni 0.1. Maana yake chembe zinazokwenda upande wa msukumo ni 1.2 ya wastani, na zinazokatiza ni 0.8, tofauti ya nusu nzima. Lakini uelekeo wa duaradufu hubadilika kila mgongano na hakuna anayetuambia uko wapi, kwa hiyo tunalinganisha chembe na chembe. Kwenye jozi, ishara ni v2 ikizidishwa kwa yenyewe, kisha kwa mbili: 0.02. Asilimia 50 imeshuka hadi wimbi la asilimia 2 juu na chini ya wastani. Na humo ndani kuna jozi zilizotoka kwenye kuoza kwa chembe moja, au kwenye jeti moja (mfululizo wa chembe uliozaliwa na kwaki moja, tutaukuta mbele), zisizohusiana na mkondo hata kidogo. Ndipo yanapoingia makundi ya chembe nne na zaidi: unatoa kila kinachoelezeka kwa jozi, na kinachobaki ni mwendo wa halaiki.

STAR, kigunduzi kimojawapo cha RHIC, ilitoa matokeo ya kwanza ya v2 mapema kabisa, nayo ilikuwa kubwa kiasi cha kukaribia kile ambacho kimiminika kisicho na mnato kingetoa. Mwaka 2005 Brookhaven ikatangaza kimiminika "kamilifu". Mwaka huohuo Kovtun, Son na Starinets walipendekeza kwamba uwiano wa mnato kwa entropia (kipimo cha mvurugo) una kikomo cha chini, karibu na 0.08 katika vizio vya asili. Vipimo vya plazima viko jirani na kikomo hicho kuliko kimiminika chochote cha kila siku.

Na v3, mwenzake v2 wa umbo la pembetatu, inatoka wapi, ikiwa umbo ni duaradufu?

Swali hili liliwachelewesha wataalamu kwa miaka. Duaradufu safi ina ulinganifu, na ulinganifu huo unaifuta v3. Kwa muda mrefu vilima viwili vya ajabu vilivyoonekana upande wa nyuma wa chembe yenye nishati kubwa vilielezwa kama mawimbi ya mshtuko. Mwaka 2010 Burak Alver na Gunther Roland walisema jambo ambalo baada ya kulisikia linaonekana wazi: nukleoni hazikupangwa kwa ulaini ndani ya kiini. Kila mgongano una madoadoa yake, na madoadoa yanaweza kutoa pembetatu. Ukiiondoa v3, ule mshtuko unatoweka kwa sehemu kubwa.

Jeti "kuzimwa" maana yake nini?

Kwaki mbili zikigongana kwa nguvu, hurushwa zikipeana migongo, na kila moja huzaa mfululizo wa chembe uitwao jeti. Chukua chembe yenye nishati kubwa kama alama, kisha hesabu wenzake kwa pembe. Katika protoni kwa protoni unaona vilima viwili: cha karibu, na cha nyuzi 180. Katika dhahabu kwa dhahabu, mgongano wa uso kwa uso, kilima cha nyuma kilikuwa kimetoweka. Bjorken alikwisha kuhisi mwaka 1982 kwamba plazima ingenyonya nishati namna hiyo.

Kipimo kilichofunga mjadala kilikuwa cha deuteroni (kiini chenye protoni moja na nyutroni moja) kwa dhahabu, mwaka 2003. Kiini kilikuwepo lakini tone kubwa halikuwepo, na kilima cha nyuma kikarudi. Kwa hiyo mnyonyaji ni maada iliyozaliwa katika mgongano. Mwishoni mwa 2010 ATLAS, kigunduzi cha LHC, ikaonyesha jeti kamili zisizolingana, moja imejaa nishati na mwenzake amedhoofika. CMS, kigunduzi kingine cha LHC, ilifuatilia nishati iliyopotea na kuikuta imesambaa katika chembe dhaifu, mbali na mhimili wa jeti.

Ule utata wa protoni ni upi?

Septemba 2010 CMS ilitangaza kwamba katika migongano ya protoni kwa protoni yenye chembe nyingi isivyo kawaida kuna tuta refu: chembe zinazotofautiana sana kandokando ya mwale lakini zinazokwenda pembe ileile. Tuta kama hilo lilijulikana kwenye viini vizito, na lilihesabiwa kuwa alama ya mkondo. Mwaka 2012 likaonekana pia kwa protoni na risasi, tena kwa nguvu.

Je, tone dogo hivyo linaweza kutiririka? PHENIX, kigunduzi kingine cha RHIC, ilijibu sehemu ya swali kwa ustadi. Waligonganisha protoni, deuteroni na heli-3 na dhahabu, ili mwanzo uwe mviringo, duaradufu au pembetatu, na mwendo wa chembe ukafuata umbo. Mimi nakubali kwamba kuna mwitikio wa umbo. Kinachonifanya nisite ni jeti: katika protoni na risasi hakuna dalili thabiti ya kuzimwa kwake. Julai 2025 LHC iligonganisha viini vya oksijeni, vyenye nukleoni 16 tu, hasa kwa ajili ya kuliziba pengo hili. Kwangu hili ndilo swali tamu kuliko yote katika fani kwa sasa.

Femtoskopia ina faida nje ya plazima?

Ndiyo, na imekuja kwa mlango wa nyuma. Ukijua ukubwa wa chanzo, unaweza kugeuza hesabu na kupima kani kati ya chembe zenyewe. STAR ilipima hivyo kani kati ya antiprotoni mbili mwaka 2015, ikakuta inafanana na ya protoni mbili. Mwaka 2020 ALICE, kigunduzi cha LHC, ilipima protoni na Omega, chembe yenye kwaki tatu za aina geni inayooza upesi kiasi kwamba ni vigumu mno kuitumia kama mwale wa kugonganisha. Vipimo vya namna hii vinawahusu wanaotafiti nyota za nyutroni, kwa sababu haperoni (chembe zenye kwaki geni, kama Omega) huenda zikajitokeza humo ndani.

Tone linazunguka?

Linazunguka. Migongano ya pembeni hubeba mzunguko mkubwa, na STAR ilionyesha mwaka 2017 kwamba spini za chembe za Lambda zinaelekea upande wa mzunguko huo. Kiwango kilikadiriwa kuwa karibu na mara trilioni bilioni kumi kwa sekunde.

Athari ya sumaku na ukairali imethibitishwa?

Hapana. Wazo ni kwamba uga wa sumaku wa mgongano utenganishe chaji, pale ambapo kwaki zenye ukairali wa kulia na wa kushoto (upande zinakojizungusha zikisafiri) hazilingani kwa idadi. STAR iligonganisha ruteni na zirkoni, zote zenye nukleoni 96, ila ruteni ina protoni 44 na zirkoni 40, hivyo sumaku inatofautiana. Uchambuzi ulifanywa kwa macho yaliyofungwa, vigezo vikiwekwa kabla ya kuangalia majibu. Matokeo ya 2021 hayakukidhi vigezo. Kilichoonekana wazi ni tofauti ya maumbo ya viini hivyo viwili, na hapo likazaliwa tawi zima la kutumia mkondo kupiga picha ya viini.

Kuna hatari?

Hakuna. Nishati yote ya risasi mbili katika LHC haifiki sehemu moja ya elfu ya jouli, na miale ya anga imekuwa ikigonga viini kwa nishati kubwa kuliko hiyo kwa mabilioni ya miaka.

Naweza kujaribu mwenyewe?

Unaweza. Hifadhi ya data huria ya CERN ina data za migongano ya risasi, na tovuti ya HEPData ina majedwali ya matokeo yaliyochapishwa, ya kulinganishia. Anza na uhusiano wa pembe, siyo femtoskopia. V2 ni kubwa kiasi cha kuonekana hata kwa migongano elfu chache. Gawa migongano kwa idadi ya chembe na mahali ilipotokea kabla ya kuichanganya, na mchoro wa jozi za bandia uuchore peke yake kwanza. Ukiwa na vilima usivyoweza kuvieleza kwa kigunduzi, usiendelee hadi ujue vimetoka wapi.